Mpira Mmoja Kabla ya Magharibi

Mimi sipendi washindi. Nawaheshimu, nawapigia makofi, lakini kuwapenda, hapana. Mtu anayeshinda kila siku ana wapenzi tele, hanihitaji mimi. Wangu mimi walikuwa Waingereza wa kriketi wa miaka ya tisini, ambao dunia nzima ilijipigia. Australia iliwapiga mpaka wakazoea. West Indies iliwapiga, Pakistan iliwapiga, na mwaka 1999 hata New Zealand iliwapiga nyumbani kwao, mbele ya mama zao. Nami nilikuwa msichana wa Bagamoyo mjini, na siku waliyopigwa sikugusa chakula. Mama alisema nimerogwa.

Kosa ni la baba. Marehemu baba alikuwa mpishi katika meli za Waingereza, na alipostaafu alirudi na vitu viwili vya maana: redio kubwa ya masafa mafupi na beti, lile gongo bapa la kupigia mpira wa kriketi. Majirani walidhani ni kafi lililokatika. Baba alitukalisha barazani, mimi na kaka yangu Mtoro, akatutafsiria alichosema mtangazaji, na pale asipoelewa alibuni. Tulipata habari nyingi ambazo mtangazaji hakuzisema.

Wachezaji tuligawana. Mtoro hutumia mkono wa kushoto katika kila kitu isipokuwa kula, kwa hiyo akamchukua Graham Thorpe, aliyepiga kwa kushoto. Alimsifu kwamba hana makuu, anapiga pale penye nafasi na kazi inakwisha. Mimi nikamchukua Mike Atherton. Huyu kazi yake ilikuwa kusimama. Wenzake wakija na kuondoka, yeye yupo. Mwishoni mwa mwaka 1995, kule Johannesburg, Afrika Kusini walikuwa wameshaihesabu mechi kuwa yao, na Atherton akasimama zaidi ya saa kumi, siku mbili, kila mpira anauzuia, mpaka Russell, mlinda wiketi wao, yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, akaja kumshikia upande wa pili na mechi ikaisha sare. Sare! Baba alitoa leso akajifuta macho. Mimi nililia wazi wazi.

Mtoro alijinyoosha akasema, "Saa zote hizo na hakushinda. Huyo si mchezaji, huyo mlinzi wa geti."

Tangu siku hiyo hakumwita kwa jina jingine. "Mlinzi wako wa geti leo katoka bila kitu." "Mlinzi wako wa geti anaumwa mgongo." Sikuwahi kumsikia kaka yangu akilitamka jina la Atherton, wala mimi sikuwahi kumsamehe. Na pale Karachi, mwaka 2000, Ramadhani ile, Waingereza waliposhinda jua likiwa limezama na wenyeji wakilalamika kwamba mpira hawauoni, Thorpe yuko pale katikati mpaka mwisho, Mtoro alinijia barazani na tende mdomoni akipiga kelele. "Umeona? Wangu anamaliza kazi!" Nikamwambia wangu ndiye aliyesimama siku za mwanzo kazi ikapatikana ya kumaliza. Tukanuniana mpaka Idi.

Thorpe alipofariki, mwaka ule wa 2024, Mtoro alikuja kwangu bila kubisha hodi, akakaa. Nikamtilia kahawa. Sikumtania.

Sasa Mtoro ni mwadhini wa msikiti mmoja njia ya Kaole, nje kidogo ya mji, na mimi ni mwalimu wa jiografia. Jirani na msikiti huo kuna uwanja, na kila Jumamosi uwanja ule ni wangu na wasichana wangu wa kriketi. Bora wao wote ni Wahida, binti wa Mtoro. Anapiga kwa kushoto kama baba yake, na kama baba yake anapenda kumaliza kazi mapema. Nimemfundisha kusimama kwa nguvu zote. Kila wasichana wanapochoka huwasimulia habari za Johannesburg, mpaka sasa wanazijua kwa moyo.

"Madam," huniuliza, "huyo mzee wako hakupiga hata mpira mmoja ukatoka nje ya uwanja?"

"Zuia," huwaambia.

Kila mwaka, mwezi wa Mfunguo Mosi, ule unaofuata Ramadhani, timu ya wanawake ya Dar es Salaam huja kucheza nasi. Mechi hii aliianzisha baba na rafiki zake, wakati huo ikiwa ya wanaume, na aliiwekea sharti moja ambalo hatujalibadili. Inaanza asubuhi na inakwisha kwa adhana ya Magharibi ya msikiti wa jirani. Haitazamwi saa ya mtu wala halitazamwi jua. Mwadhini akishasema Allahu Akbar, mpira ulio mkononi unabaki mkononi. Kama timu inayopiga wakati huo haijamalizika, hata ikiwa imebakiwa na mpigaji wa mwisho, hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Baba alisema mchezo usiojua kukoma kwa swala haufai kuchezwa Bagamoyo.

Na sisi hatukuwahi kufika kwenye adhana. Kila mwaka Dar walitumaliza jua likiwa bado kali, wakapata muda wa kununua samaki kabla ya kuondoka. Ndipo mwaka huu Mwinjuma, mwenyekiti wa michezo wa kata, akanijia kwenye kahawa mbele ya watu.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. Mtu akianza hivyo, ujue anao. "Lakini timu inayopigwa kila mwaka inashikilia uwanja wa nini? Vijana wangu wa soka wanacheza barabarani. Mkifungwa tena, Jumamosi inarudi kwetu."

"Na tusipofungwa?"

"Msipofungwa sitalitaja tena maishani."

"Nimekubali," nikasema, na watu wote wakanisikia. Hasira zangu huwa zinajibu kabla yangu. Nilipofika nyumbani ndipo nikakaa kitako na kuona nilichokifanya. Siku za kazi wasichana wako shuleni, jioni wako chuoni wanasoma Kurani, Jumapili wengi wao wako na mama zao mashambani. Bila Jumamosi hakuna timu. Ningebaki na beti la baba ukutani na hadithi za Johannesburg zisizo na wa kuzisikiliza.

Asubuhi ya mechi nilikwenda kwa Mtoro. Nilimkuta anafagia kibaraza cha msikiti. Nikamwamkia shikamoo, jambo ambalo silifanyi ila nikiwa na shida.

"Marahaba," akasema bila kuacha kufagia. "Unataka nini?"

"Dakika mbili."

"Za nini?"

"Leo Magharibi, kaka. Ukiadhini dakika mbili kabla, nani atajua? Misikiti yenyewe haipatani."

Aliuegemeza ufagio ukutani. Mtoro hapigi kelele, na hilo ndilo baya. "Mardhiya, kuna watu wanafunga zile sita za baada ya Idi. Bi Ashatu pale jirani anafunga sita, na anafuturu kwa sauti yangu, si kwa sauti ya mwingine. Unataka nimfungulishe mama wa watu jua halijazama kwa ajili ya mpira?"

"Kwa ajili ya mwanao."

"Mwanangu na asimame mwenyewe. Si ndivyo unavyomfundisha? Kama yule mlinzi wako wa geti?"

Niliondoka nimefura, sikuaga. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa na haki, na hiyo ndiyo hasira isiyo na dawa.

Dar walipiga kwanza. Nahodha wao ni Esha, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na siku ile alikuwa na mkono mzuri kupita kiasi. Mpaka adhuhuri walikuwa na mikimbio mingi, ndiyo alama za kriketi, ambayo sisi tusingeifikia hata tungepewa wiki. Tulipokula wali nikawakusanya wasichana wangu nikawaambia ukweli.

"Hatushindi leo. Msihangaike na ubao wa mikimbio, wala msiutazame. Kazi yenu ni moja. Mpigaji anatoka mpira ukigonga vile vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, au akiupiga ukadakwa kabla ya kugusa chini. Basi vijiti visiguswe, na mpira usipae. Tunasimama mpaka Magharibi."

"Madam, ni jua lote hilo," alisema Jasmin, mpigaji wetu wa mwisho.

"Lipo kwa wote."

Wahida alitangulia, beti la marehemu baba mkononi. Kriketi hupigwa na wawili kwa wakati mmoja, mmoja kila upande, na mwenzake akitoka anakuja mwingine, mpaka wakitoka kumi. Wahida alisimama upande wake na wenzake wakaanza kupita upande wa pili. Mmoja alitoka kwa mpira wa kwanza. Mwingine alizuia vizuri mpaka nikaanza kumsifu kwa sauti, akatoka. Nikanyamaza. Kufikia Alasiri nusu ya timu ilikuwa imekaa chini ya turubai imevua pedi za miguuni, na Mwinjuma alikuwa amefika na vijana wake wawili watatu. Walikaa kwenye nyasi wakionyeshana kwa mikono mahali pa kusimika magoli.

Wakati wa kunywa maji nilimfuata Wahida uwanjani. Ushungi wake ulikuwa umelowa jasho, na alikuwa na uso wa baba yake, uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Shangazi, yule anayerusha polepole namweza. Nikimpiga miwili mitatu nje ya uwanja watatawanyika."

"Mguse tu, nami nitakutoa nje ya ukoo."

Akacheka. "Naumwa mikono ya kuzuia."

"Itapoa kesho. Wahida, nisikilize. Wakikurushia mzuri, zuia. Wakikurushia mbaya, zuia. Mpaka umsikie baba yako."

"Mpaka nimsikie baba," akasema, akarudi.

Baada ya swala ya Alasiri mimi ndiye niliyetoa tangazo, kama ilivyo desturi yetu. Nilisimama katikati ya uwanja nikasema kila mwenye simu aizime, mchezaji na mtazamaji, kwa sababu siku hizi simu nazo zinaadhini, na mwaka mmoja zilituvuruga. Watu wakazima. Mwamuzi wetu, Mzee Mwinshehe, alihakikisha kwa kuwazungukia. Mimi sikuzungukiwa. Nani atamzungukia mwenye tangazo?

Kisha wakaanza kutoka kwa mfululizo. Watatu walitoka kwa muda mfupi hata sikuwahi kukaa. Wahida yupo. Upande wa pili akaja huyu, akaenda. Akaja yule, akadakwa. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi, kivuli cha msikiti kimefika karibu na mstari, na wa tisa akatoka analia. Akabaki Jasmin. Kupiga kwa Jasmin ni kufumba macho na kusema Bismillahi. Alipokuwa anatembea kwenda kati, Mwinjuma alisimama akajikung'uta suruali, kama mtu ambaye shughuli yake imekwisha.

Nilimkumbuka Russell, mlinda wiketi yule, ambaye redioni alikuwa sauti tu ya upande wa pili, anazuia, anazuia. Nikamwombea Jasmin awe Russell kwa robo saa.

Na akawa. Wahida aliipanga mipira ile kwa akili, akajitwika ile migumu, akamwachia mwenzake michache. Jasmin alifumba macho na mpira ukampiga gotini, ukampiga mkononi, ukapita juu ya vijiti kwa upana wa kidole. Dar walisogea karibu wakamzunguka Wahida, na Esha akachukua mpira mwenyewe. Hata vijana wa soka walikuwa wameinuka kutazama. Mwanga ulikuwa unakwenda.

Esha alirusha, Wahida akazuia. Na mpira ukiwa bado unabiringika kwenye nyasi, adhana ikasikika.

Allahu Akbar, Allahu Akbar.

Sijui nilipiga kelele gani. Wasichana chini ya turubai waliruka wakakumbatiana. Jasmin aliangusha beti akajishika kichwa. Mzee Mwinshehe alivua kofia yake, ndiyo ishara ya kumaliza, na Esha, kwa uungwana, akatembea kumwendea Wahida mkono umenyooshwa. Pembeni, kwenye mkeka, Bi Ashatu alikuwa ameshainua tende.

Wahida hakuutoa mkono wake. Alikuwa amesimama palepale, beti limegusa chini, kichwa kimeinama upande.

"Hiyo si sauti ya baba," akasema.

Esha akasimama. "Nini?"

"Si baba huyo. Bi Ashatu!" Alipaza sauti mpaka ikakatika. "Bi Ashatu, usile!"

Tende ilisimama kwenye midomo ya Bi Ashatu. Sote tukatega sikio, na sasa tulisikia vizuri. Sauti ile haikuwa inatoka msikitini. Ilikuwa tamu, ya mtu wa mbali, na ilikuwa inatoka chini ya turubai, ndani ya mkoba mweusi. Mkoba wangu.

Wiki mbili nyuma nilikwenda Pemba, harusini Wete. Mtandao ulikuwa wa shida, nikaiwekea simu saa za swala za Wete kwa mkono wangu, iniadhinie. Niliporudi sikukumbuka kuirudisha. Na kwenye lile tangazo langu la Alasiri nilikuwa nimeinyamazisha tu, sikuizima, na adhana haijali kunyamazishwa. Pemba iko mashariki yetu. Jua lao linatangulia kuzama kuliko la Bagamoyo kwa dakika tatu na ushei. Nimelifundisha jambo hilo darasani miaka yote, kwa chaki, kwa tufe, kwa chungwa na mshumaa.

Asubuhi niliomba dakika mbili nikanyimwa. Sasa nilikuwa nimepewa tatu na Pemba, na mechi ilikuwa imekwisha, kofia ya mwamuzi iko mkononi, na hakuna katika uwanja mzima aliyekuwa na neno la kupinga isipokuwa mtoto wa ndugu yangu. Nilimtazama Wahida na nikatamani, Mungu anisamehe, anyamaze. Akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri.

"Ni simu yangu," nikasema. "Imewekwa saa za Pemba. Magharibi bado."

Mwinjuma alicheka kwa sauti. Mzee Mwinshehe aliivaa kofia yake tena, akasema, "Warudi." Esha aliurudisha mkono wake. Alimtazama Wahida toka miguuni mpaka kichwani, akasema, "Mwingine angenyamaza," kisha akarudi kuchukua mpira.

Nilitoa simu nikaizima kabisa, nikaiweka chini ya mwiko kwenye sufuria ya wali, isionekane. Nikasimama kwenye mstari. Kutoka pale dirisha la chumba cha kipaza sauti cha msikiti linaonekana, na mle ndani niliiona kanzu nyeupe. Mtoro alikuwa dirishani. Sikujua amesimama pale tangu saa ngapi.

Dakika tatu ni nyingi. Esha alianza upya na sasa alikuwa anarusha kwa ghadhabu ya mtu aliyekwisha kutoa mkono wa amani. Wa kwanza ulikuja mkali, Wahida akauzuia. Wa pili uliruka ukampiga bega, nikasikia kishindo mpaka nilipo. Alijisugua mara moja tu, akarudi kwenye nafasi yake. Wa tatu aliuacha upite. Nikatega sikio msikitini. Kimya. Wa nne akazuia. Wa tano akazuia, na mara hii beti lilitoa mlio mbovu, lilikuwa limepasuka pembeni. Hakuomba jingine. Nilitaka aombe jingine! Nilitaka apoteze muda, afunge kamba ya kiatu, anywe maji, alie. Hakufanya hata moja. Alisimama tu akisubiri, kama vile jambo la kusubiri lilikuwa ni huo mpira, si adhana.

Esha alirudi nyuma taratibu kwenda kuanza mbio zake. Nilitazama dirishani. Kanzu haikutikisika. Ita, nikasema moyoni. Ita, kaka, ita.

Hakuita. Esha akakimbia na, kwa ujanja, akaurusha ule wa sita polepole. Wahida alikuwa ameshautangulia. Mpira uligusa ukingo wa beti, ukaanguka miguuni pake, ukazunguka, ukaanza kubiringika kurudi nyuma. Unakwenda kwenye vijiti. Hauna haraka, unakwenda. Kriketi inakuruhusu kuuzuia kwa mguu na haikuruhusu kwa mkono, na mwenye kuchanganyikiwa huinama akaushika. Wahida hakuinama. Aligeuka, akauweka mguu wake wa kushoto mbele ya vijiti, akautuliza mpira chini ya kiatu.

Kipaza sauti cha msikiti kikakwaruza. Tukamsikia mtu anavuta pumzi.

Allahu Akbar, Allahu Akbar.

Safari hii hakuna aliyeruka. Watu walitazamana kwanza. Bi Ashatu alimtazama Wahida, na Wahida akatikisa kichwa kukubali, ndipo tende ikaliwa. Mzee Mwinshehe akavua kofia. Esha alitembea tena toka kule alikokuwa, mkono mbele, na Wahida akaushika kwa mikono yake yote miwili, na ndipo wasichana wangu wakamvamia wakaanguka naye chini. Jasmin alikuwa bado amefumba macho, ilibidi aambiwe.

Mwinjuma alinijia. Uso wake ulikuwa umesawijika, lakini alikuja. "Nimesema sitalitaja, sitalitaja," akasema. Akawaita vijana wake, wakaenda kutawadha.

Tuliswali pembeni, kwenye mikeka. Nilipotoa salamu sikungoja hata uradi, nilivaa kandambili zangu nikaenda mlangoni kwa wanaume. Mtoro alitoka wa mwisho. Aliketi kwenye ngazi kuvaa makobazi.

"Mpira ule wa mwisho," nikasema. "Ulikuwa dirishani. Nilikuona."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Alifunga kobazi moja, akaanza la pili. "Wakati ulikuwa umeingia," akasema. "Yule mrefu alipogeuka kurudi kuanza mbio, saa ya ukutani ilikuwa imefika. Kidole changu kilikuwa kwenye swichi."

"Wakati umeingia na hukuita? Mtoro! Uwanja wangu! Mwanao!"

"Ndiyo sababu. Ningeita pale, mji mzima ungesema baba kamwokoa binti yake. Wangelisema mpaka anaolewa. Nikaona mwenyewe hakuikubali adhana isiyo yake, mimi nitamkatizaje kazi katikati? Nikamwachia mpira mmoja aumalize. Bi Ashatu atanisamehe kwa mpira mmoja."

"Na kama angetoka?"

"Angetoka." Alisimama, akainyoosha kanzu. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha. Kule uwanjani Wahida alikuwa anawaonyesha wenzake beti lililopasuka, lile la marehemu baba, na mguu wa kushoto ukiwa bado umetangulia mbele.

"Nilikuwa namwangalia miguu tu, Mardhiya," akasema. "Haikuondoka. Mpira wa tano, wa sita, haikuondoka. Mwanangu anasimama kama Atherton."